Vikombe Viwili vya Nanyama

Nanyama hakununua maziwa kwangu hata siku moja bila kuyanusa. Alikuwa akifungua debe, akiinama, akivuta pumzi, kisha akiniangalia kama askari wa kanjo, wale wa baraza la jiji, aliyekuta kibanda kipya njiani.

"Mbugua, hii ya leo ni ya ng'ombe ama ni ya mfereji?"

"Ni ya ng'ombe, na ng'ombe amekunywa mfereji. Sasa utanilaumu?"

Nataja bei, yeye anaikata, tunapatana pale ambapo wote wawili tulijua tutafika kabla hatujafungua mdomo. Nimeuza vitu vingi maishani, kuanzia mbao hadi viatu vya mitumba, na sikumbuki mnunuzi mwingine aliyenifanya nisafishe debe mara mbili kabla hajafika.

Nilikuwa na ng'ombe wanne nyuma ya nyumba yangu hapa Mountain View. Nanyama aliishi Woodley, katika chumba kimoja nyuma ya nyumba ya kanjo. Kwao ni karibu na Webuye, na alikulia kwenye ng'ombe kama mimi. Alikuja Nairobi akiwa msichana, akapika miaka kumi na mmoja Karen, kwa mama mmoja anayeitwa Virginia Njambi. Huko ndiko alikojifunza sosi ya saladi. Alipoondoka kwenda kujitegemea, huyo Virginia ndiye aliyekuwa mteja wake wa kwanza, akawaambia majirani, na mwenye hoteli moja ndogo ya mjini, karibu na Biashara Street, naye akaanza kuichukua kwa ajili ya watu wa ofisi wasiotaka chapati mchana.

Nilimwona akiitengeneza mara moja, na niseme ukweli, nilidhani ni mchezo wa watoto. Si mchezo. Anachemsha maziwa hadi yapande, anayaepua, anangoja yapoe mpaka kidole cha mwisho kiweze kukaa ndani akihesabu hadi kumi. Hapo anakoroga vijiko viwili vya yogati ya jana, anafunika sufuria, anaiviringisha blanketi, anaiacha mpaka asubuhi bila kuigusa. Ikiganda anaifunga ndani ya kitambaa cha melikani na kuining'iniza juu ya beseni saa nne, idondoke maji. Dania, minti na majani ya vitunguu anayaosha mapema na kuyakausha kabisa, maana majani yenye maji yanaharibu kila kitu. Anayakata kwa kisu kikali, bila kuyaponda. Kitunguu saumu kidogo anakisaga na chumvi. Ndimu, mafuta kijiko kimoja, basi. Ikiwa nzito sana anailegeza kwa yale maji yaliyodondoka. Anataka iweze kumiminika kwenye saladi, lakini ukichovya karoti isidondoke njiani.

"Watu wa Karen wanaogopa mafuta," aliniambia. "Wakionja hii wanafikiri ni krimu, na si krimu. Hiyo ndiyo wananunua."

Nilimwelewa. Hayo ni maneno ya mtu anayejua biashara yake.

Sasa nieleze kosa, na ni langu. Ilikuwa Julai, mwaka wa elfu mbili na sita. Alhamisi jioni nilimkuta ng'ombe wangu mmoja na kiwele kigumu upande mmoja, kina moto. Daktari wa mifugo akaja, akamsukumia dawa ndani ya chuchu, akafuta mikono na kusema, "Siku tatu usiuze hii maziwa. Hata ya chuchu zile zingine. Mwaga." Nikasema sawa. Kila mfugaji husema sawa.

Ijumaa alfajiri Nanyama alikuwa ameagiza lita kumi badala ya tano. Virginia alikuwa na karamu Jumapili, mtoto wake Kui anapokea komunyo ya kwanza. Nilipopima, debe kubwa lilipungua lita tatu. Na lita tatu zilikuwa pale pale kwenye ndoo, nyeupe, zina povu, zinanukia vizuri. Nikazimimina. Wakati ule sikuona ubaya wowote. Niliona debe limejaa.

Nanyama alikuja, akafungua, akanusa. Dawa ile haina harufu.

"Leo nakupa alama zote," akasema, akaenda.

Yaliyofuata alinisimulia baadaye njiani. Jumamosi asubuhi alifungua blanketi akakuta maziwa ni maji, yamelala vile vile alivyoyaacha. Kwanza alilaumu baridi ya Julai. Halafu alikumbuka kwamba Ijumaa aligombana na jirani juu ya kamba ya kuanika nguo, na kwao wanasema maziwa yaliyolazwa kwenye nyumba yenye ugomvi hununa. Mwanamke yule mwenye akili zake alitoka na leso, akaenda kumwomba jirani msamaha juu ya kamba! Jirani akafurahi. Maziwa hayakufurahi.

Oda haikungoja. Akanunua yogati ya dukani, akaichanganya na yale maziwa yangu nusu kwa nusu, akayapasha kidogo, akayalaza tena hadi mchana, yakashika kwa shida. Akayachuja, akaongeza majani yake. Ladha ilikuwa sawa. Jioni dereva wa Virginia akaja akachukua chupa mbili kubwa.

Mtu mwingine angelala hapo. Yeye hakuacha jambo ambalo hakulielewa. Alikuwa amebakiza maziwa yangu kidogo. Akachukua vikombe viwili, kimoja akatia maziwa yangu, kingine maziwa ya paketi, vyote akavitia yogati ile ile, akavilaza ndani ya blanketi moja.

Jumapili, saa sita na nusu, nilikuwa nasafisha zizi alipoingia na gauni lake la kanisani na kikapu. Hakunisalimu. Akatoa vikombe viwili vilivyofunikwa visahani, akavipanga juu ya ukuta wa zizi.

"Hii ni maziwa ya paketi," akasema, akakiinamisha. Hakikumwagika kitu. "Na hii ni yako." Akainamisha cha pili. Yote yakanimwagikia kiatu.

"Baridi," nikasema.

"Ilikuwa blanketi moja."

"Labda kikombe kilibaki na sabuni."

"Mbugua."

"Mama, ng'ombe si mashine. Siku ingine maziwa inakuwa hivi, siku ingine—"

"Ulidunga ng'ombe?"

Katika kuuza na kununua, anayejibu kwanza hupoteza. Nikamtazama nipime anajua kiasi gani. Alikiweka kisahani alichoshika juu ya ukuta, polepole.

"Sijakuja juu ya pesa," akasema. "Sijakuja kugombana. Nilikamua ng'ombe nikiwa msichana, najua maziwa ya ng'ombe aliyepata dawa haigandi. Nataka kujua dawa gani. Kui penisilini inamkataa. Alikuwa na miaka minne, walimdunga sindano hospitali, akafura shingo, akawa wa bluu hapa kwa midomo. Mimi ndiye nilikuwa nimembeba. Mbugua, nisikize, mimi ndiye nilikuwa nimembeba. Na hiyo sosi yangu anailamba na kidole."

Sikumbuki kuweka chepe chini. Nakumbuka nikiingia jikoni na kupekua pipa la taka mpaka nikapata bomba tupu la dawa alilolitupa daktari wa mifugo. Herufi zilikuwa ndogo. Nikalisoma mara moja na nikatamani nisingejua kusoma.

"Ni hiyo," nikasema.

Nanyama alikuwa tayari na simu sikioni. Ile sauti ya mwanamke ikamwambia samahani, mteja wa nambari aliyopiga hapatikani kwa sasa. Akapiga tena. Samahani. Nambari ya dereva, samahani. Watu walikuwa wamezima simu kanisani, nani angekumbuka kuwasha kabla ya kula?

"Wanakula saa ngapi?"

"Saa saba."

Ilikuwa saa saba kasoro dakika ishirini.

Pikapu yangu ilikuwa na madebe matupu nyuma. Sikuyashusha. Tukakata Uthiru, tukashika Naivasha Road, na kila tuta madebe yalipiga kelele kama matanga. Jumapili watu wanatembea katikati ya barabara kama ni ya babu yao. Nilipiga honi mpaka ikakwama. Nanyama alikuwa na simu sikioni wakati wote, anasikiza ile sauti, anakata, anapiga tena. Katikati ndipo akanisimulia habari ya baridi, ya jirani, ya yogati ya dukani, kwa haraka, kana kwamba akimaliza kueleza kitu kitabadilika.

"Lakini uliichemsha," nikasema tulipofika Dagoretti Corner. "Dawa si inakufa kwa moto?"

"Haikufa. Ingekufa maziwa ingeganda."

Nikaendesha. Baadaye nikasema tena, maana moyo ukiogopa hutafuta bei ya chini: "Imechanganywa. Lita tatu tu, halafu nusu yogati ya duka. Ni kidogo sana, mama. Na wewe ukifika pale ukianza kupiga kelele penisilini, penisilini, biashara yako ya Karen imekwisha, na yangu. Tukimkuta hajaonja, sema tu imechacha, tuichukue twende."

Alikuwa anaangalia mbele, na midomo yake ilisonga bila sauti. Sijui kama alikuwa anaomba au anahesabu.

Kwenye geti la Virginia kulikuwa na maputo meupe. Askari, Bramwel, alitoka na karatasi yake.

"Nanyama! Leo umekuja kama mgeni. Lakini huyu mzee wa madebe hayuko kwa listi."

"Fungua, Bramwel."

"Mama alisema bila listi hakuna—"

"Kui ameshakula?"

"Mimi nitajuaje? Mimi ni wa geti."

"Basi kaa na geti yako. Lakini huyo mtoto akifa leo, wewe ndiye utamwambia mama yake kwamba hatukuwa kwa listi."

Sijui kama alielewa. Alimtazama usoni tu, akafungua. Nanyama hakungoja gari lisonge. Alishuka na kukimbia kwenye nyasi, viatu vya kanisa mkononi.

Meza zilikuwa nje chini ya hema. Watu thelathini hivi, suti na vitambaa vya kichwa, padri ameketi mbele na sahani iliyojaa. Kwenye kila meza bakuli moja la sosi ile, nyeupe yenye madoa ya kijani, na karoti na matango yamesimamishwa kando kama maua. Bakuli la meza ya watoto lilikuwa limebaki robo.

Kui alikuwa amevaa gauni jeupe na shada kichwani. Alikuwa anacheka. Alimkimbilia Nanyama akamkumbatia kiunoni.

"Anti Nanyama! Nimekula yako yote! Mama alinikataza nikakula tu!"

Nilisimama nyuma yake nikashusha pumzi. Mtoto alikuwa mzima. Anacheka, anaruka. Nikamwinamia Nanyama nikamnong'oneza, na sitaficha nilichosema: "Unaona? Hana kitu. Nyamaza sasa, tukusanye bakuli."

Lakini Nanyama alikuwa amepiga magoti. Alimshika mtoto kidevu, akainua kichwa chake, akatazama chini ya kola ya lile gauni. Pale shingoni palikuwa na alama tatu nyekundu, ndogo, kama mtu amembonyeza kwa vidole. Kui akajikuna.

"Tangu saa ngapi unajikuna?"

"Sasa hivi. Kola inaniwasha."

Nanyama akasimama. Virginia alikuwa anakuja na tabasamu la mwenye karamu. "Nanyama, karibu, hata wewe umekuja! Watu wanauliza sosi imetoka wapi, nikawaambia—"

"Mama Kui, hiyo sosi ina penisilini."

Aliisema kwa sauti ya kawaida, na wale walioketi karibu waliacha kutafuna.

"Ina nini?"

"Maziwa yalikuwa ya ng'ombe aliyetibiwa. Sikujua jana. Nimejua leo. Ameila. Mwangalie shingo. Tunaenda hospitali sasa hivi, usitafute mkoba."

Virginia alimtazama mtoto. Nimewahi kumwona mtu akipoteza nyumba, na nimewahi kumwona mtu akiambiwa ameondokewa. Uso ule haukuwa kama wa hao. Ulikuwa uso wa mtu aliyewahi kufika mahali fulani na sasa anaambiwa arudi. Alimnyakua Kui na kukimbia, shada likaanguka. Gari lao lilikuwa limezibwa na magari sita ya wageni. Langu lilikuwa mbele ya geti, injini inanguruma. Kwa hivyo ilikuwa ni pikapu yangu ya maziwa.

Tulibanana wanne mbele. Kui amekaa mapajani mwa mama yake, Nanyama amebanwa mlangoni akimshika mkono. Kabla ya kufika Ngong Road sauti ya mtoto ilikuwa imebadilika, ikawa nene kama ya mtu mwenye mafua. "Mama, koo yangu ni ndogo," akasema. Mdomo wa chini ulikuwa umefura.

"Usilale, Kui. Niambie padri alisema nini," Nanyama akasema.

"Alisema... fungua mdomo."

"Halafu?"

"Halafu amina."

"Sema tena amina. Kwa nguvu."

"Amina."

"Tena."

Hivyo ndivyo tulivyokwenda, mtoto akisema amina, kila moja ndogo kuliko iliyotangulia, nami nikiingia upande usio wangu wa barabara na kutoka, nikisikiliza kama kutakuwa na nyingine. Mahali fulani karibu na msitu ilikosekana moja. Halafu ikaja, kama mluzi.

Hospitalini daktari kijana alimpokea mlangoni akauliza, "Amekula nini?" Nanyama akajibu: "Penisilini. Iko kwa maziwa. Haijafika saa moja tangu ale. Na akiwa na miaka minne ilimfanyia hivi hivi." Akaninyang'anya lile bomba tupu la dawa, ambalo bado lilikuwa kwenye mfuko wangu, akampa. Daktari alilitazama mara moja, hakuuliza la pili. Mlango ukafungwa.

Mimi na Nanyama tulikaa kwenye benchi. Virginia alisimama. Nanyama alikuwa peku, viatu vyake vilibaki kwenye nyasi kule Karen. Nilitaka kuongea, na mimi si mtu wa kukosa neno, lakini kila neno nililolipima lilikuwa linanitetea mimi. Saa ya ukutani ilikuwa na mshale unaoruka. Niliuhesabu mpaka nikachoka kisha nikaanza upya.

Daktari alipotoka, Virginia aliingia ndani kabla hajafungua mdomo. Akakaa sana. Aliporudi alikuwa amejifuta uso.

"Amedungwa paja," akasema. "Anapumua. Watamweka hadi kesho." Akamgeukia Nanyama, na alinipita mimi kana kwamba nilikuwa ukuta. "Wangechelewa kujua ni nini, daktari anasema... Basi. Umesema ukweli. Lakini sitaweza, Nanyama. Kitu kutoka mkononi mwako nikikiona mezani nitaona shingo yake. Usinilaumu."

"Sikulaumu, Mama Kui. Anaongea?"

"Anaongea. Anauliza shada lake."

Nanyama akaitikia kwa kichwa. Hakulia. Aliomba maji kwa nesi, akanywa vikombe vitatu bila kupumzika.

Nje nilimfungulia mlango wa gari. Nilijua Karen imekwisha, maana karamu nzima ilisikia. Nilitaka kumwambia nitampa maziwa bure mwezi mzima, nikajua jinsi atakavyoyanusa, nikaacha. Yeye alikuwa anatazama yale madebe nyuma.

"Lile debe ulilonijazia Ijumaa," akasema. "Uliniuzia mimi peke yangu?"

Sikuwa nimelifikiria. Naapa, mchana wote sikuwa nimelifikiria. Lita tatu nilizimimina kwenye debe kubwa kwanza, ndipo nikampimia yeye kumi. Yaliyobaki niliyagawa palepale Mountain View, nyumba saba, watu wa chai, mmoja wao ana mtoto mchanga. Na ya Jumamosi pia sikuyamwaga, niliwauzia.

"Nyumba ngapi?"

Nikamwambia.

"Twende."

"Mama, ni siku ya tatu. Kama kungekuwa na neno tungesikia."

"Hata mimi jana sikusikia neno."

Tulifika Mountain View saa kumi na mbili kasoro, jua likiwa bado kwenye mabati. Alishuka kwanza, bila viatu, akasimama nyuma yangu ili nisigeuke. Nyumba ya kwanza ilikuwa ile yenye mtoto mchanga. Pazia lilikuwa limefungwa, na redio haikusikika, ingawa mwenye nyumba huyo hupenda redio Jumapili. Nikabisha. Hakuna aliyekuja. Nikabisha tena, kwa ngumi, na nikaanza kusema kupitia mlango, kabla haujafunguliwa, kabla sijajua nani yuko upande wa pili: "Ni mimi, Mbugua wa maziwa. Msinywe. Fungueni, niambieni mtoto yuko salama."